Shao wa Kilimanjaro na Shao wa China

Hapa Kwa Sadala, kando ya barabara ya Moshi na Arusha, nilimsikia kijana wa ukoo wa Shao akiwaeleza wenzake kwamba asili yao ni China, kwa kuwa Wachina nao wana akina Shao. Sikumsahihisha, na sasa najuta. Mimi mwenyewe niliwahi kusadiki jambo la namna hiyo: kwamba Shanga, mji wa magofu kisiwani Pate, Kenya, ulipewa jina na mabaharia wa Shanghai waliokuja na merikebu za Zheng He, amiri wa China.

Dalili za kosa zilikuwepo. Zheng He alisafiri kati ya 1405 na 1433. Wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton, miaka ya 1980, waligundua kwamba Shanga ilikaliwa tangu karne ya 8. Yaani ilikuwa na watu zaidi ya miaka 600 kabla ya merikebu hizo. Nilisikia habari za vigae vya kaure ya China nikavifanya ushahidi wa damu, ilhali kaure iliuzwa pwani nzima. Hata neno shanga, ambalo mama zetu huvaa shingoni, sikulifikiria. Sauti ilinipendeza, nikaacha kuhesabu miaka.

Sasa huyo Shao. Wachina wa jina hilo hujihesabu kutoka kwa mtawala wa Shao, mkubwa wa enzi ya Zhou, karne ya 11 KK. Miongoni mwao ni mwanafalsafa Shao Yong (1011–1077), na Run Run Shaw wa filamu za kung fu za Hong Kong, aliyefariki 2014 akiwa na miaka 106. Shaw yake ni Shao hiyohiyo. Lakini Shao ya hekalu la Shaolin huandikwa kwa alama nyingine na ina maana nyingine. Ikiwa Wachina wenyewe hawaungi undugu kwa sauti, sisi wa migombani tutauungaje?

Ndugu zangu, tupande kwanza kihambani, kwenye shamba la ukoo. Tuulize babu wa babu aliitwa nani, na alihamia kutoka upande gani wa mlima.

Yule kijana aliingia kwenye Noah kabla sijamwambia haya. Babu yake, kwa maneno yake mwenyewe, bado yuko hai huko juu.