Kocha husomwa kabla ya Biblia

Katika shule ya Kikristo, wachezaji humsoma kocha wao kabla ya kuifungua Biblia.

Mtaani Lumumba, hapa Bunia, vijana wa sekondari wakisali kabla ya mechi hushikana mikono, na mikono hiyo hutoka nyumba za Wahema, Walendu, Waalur na Wanande. Wengi wao walizaliwa baada ya mapigano ya kikabila ya 2003 mjini humu, lakini nyumbani wameyasikia yote. Kwa hiyo kocha anapotaja kikosi, kila jicho linahesabu: nani anaanza, nani anakaa benchi, na ni mtoto wa nani. Hapo, naamini kabisa, ndipo mahubiri yake yanapoanza: kitambaa cha unahodha akimfunga anayestahili, na bao la mkono akalikataa mwenyewe mbele ya refa hata kama lilikuwa la ushindi, vijana watarudi nyumbani na jambo la kusimulia.

Niliwahi kumwona golikipa akivua glavu zake zilizotoboka na kumpa wa akiba bila kuambiwa. Juma lililotangulia, kocha alikuwa amevua viatu vyake mwenyewe akamvalisha winga aliyekuja pekupeku.