Kichezeo Kisichochezewa

Kuna vitu vya kuchezea ambavyo mwenyewe hakubali vichezewe. Mpwa wangu ni baharia, na kila anapopata likizo hurudi kwao Shangani, hapa Mtwara. Anacho kimoja juu ya kabati la mama yake, na watoto wa nyumba ile wanajua kwamba kukigusa ni kujitafutia kesi. Ni boksi la matofali ya plastiki ya LEGO, halijafunguliwa hata siku moja. Picha ya juu yake inaonyesha kijumba cha Bilbo Baggins, yule bwana mfupi wa riwaya ya The Hobbit anayeishi ndani ya kilima chenye mlango wa duara.

“Mjomba, hii iliuzwa San Diego tu, mwaka 2013. Dukani huipati.”

San Diego, kule California, ndiko kunakofanyika Comic-Con, mkutano wa mashabiki wa vibonzo na filamu ulioanza mwaka 1970. Kampuni hutengeneza bidhaa chache kwa ajili ya mkutano huo peke yake. Kwa maboksi ya LEGO, kuwa na fedha mfukoni hakutoshi: kuna miaka ilipochezwa bahati nasibu, na aliyeshinda ndiye aliyeruhusiwa kununua. Ukumbini bei ya boksi hili la kijumba ilikuwa kama dola 40. Wapo walioliuza tena kwa bei ya mara kadhaa kabla hata ya kufika nyumbani. Mpwa wangu alilipata baadaye kwa mkusanyaji mwenzake, kwa kiasi ambacho mama yake hajaambiwa, na mimi nimekatazwa kukiandika.

Sasa mtu utahakiki vipi kitu kilichofungwa? Tulifanya wanavyofanya mashabiki wengi wasio na bahati. Mpwa wangu ana ndoo ya matofali ya kawaida, ya rangi zote. Tukatandika mkeka, tukaitazama picha, tukajenga cha kwetu. Matofali yale yanaumana kwa mlio mdogo, tik, na ukiyavuta yanaachana bila kinyongo. Ubunifu wa mfumo huo uliombewa hataza Denmark Januari 28, 1958, na tofali la mwaka ule bado linaumana na la leo. Wanahesabu wamekokotoa kwamba matofali sita tu ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kupangwa kwa namna 915,103,765. Nilipowaambia watoto tarakimu hiyo, mmoja akauliza nani alikaa akahesabu.

Hukumu yangu juu ya kijumba chenyewe: ni kizuri, na ni kidogo. Kilima kinakaa kiganjani. Mlango wa kijani umepata heshima yake, na mti wa kileleni unakipa kimo. Ila ukishakimaliza umekimaliza. Hakina cha kufunguka, hakina mtu wa kuingia. Aliyekibuni alifikiria rafu, hakufikiria mtoto. Kesho yake asubuhi nilikuta nusu ya kilima chetu imebomolewa na kugeuzwa kuwa Boma la Mikindani, lile la Wajerumani la mwaka 1895; hili la watoto lilikuwa na mnara mwekundu na simba mlangoni. Nikaona boma limekizidi kijumba kwa mbali, ingawa hakimu huyu ni mjomba wa wajenzi.

Watu wa LEGO, kule Denmark, walianza kama tunavyoanza sisi, na mbao. Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala wa Billund. Mwaka 1932, kazi za ujenzi zilipoadimika, akageukia kuchonga vichezeo, bata wa mti na magari. Kiwanda kiliendelea kutengeneza vichezeo vya mti hadi mwaka 1960, ghala la bidhaa hizo lilipoungua moto, kampuni ikaamua kubaki na plastiki.

Sisi tumebaki na mti. Mchongaji wa Kimakonde hushika gogo la mpingo, akaondoa ganda jeupe kwa tezo hadi kwenye kiini cheusi, kisha patasi, kisha msasa, na mwisho rangi ya viatu ili king'ae. Picha ya kufuata hana. Inasimuliwa kwamba mtindo wa shetani, unaojulikana leo duniani kote, ulizaliwa miaka ya 1950 pale Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, alipovunjikiwa na mkono wa sanamu. Hakuitupa. Akaipeleka kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, naye akapenda alichokiona. Lakini boksi la San Diego likipungukiwa kipande kimoja, thamani yake inaporomoka.

Basi tupime. Boksi ni adimu kwa sababu kampuni imeamua kufunga mashine mapema. Ingetaka, ingetoa milioni. Kinyago hakiwezi kuwa viwili hata mchongaji akitaka, kwa kuwa hakuna magogo mawili yenye fundo mahali pamoja. Lakini angalia tunavyovinunua. Kwa boksi tunapanga foleni na kuomba bahati. Kwa kinyago tunashika kiuno: “Punguza mzee, mbona ghali?” Tunamkata hadi fedha ya mpingo haibaki, achilia mbali ya wiki nzima aliyokaa chini ya mwembe.

Boksi lina jina la kampuni, namba, mwaka na mahali lilipouzwa. Ndiyo maana baada ya miaka mingi mpwa wangu anaweza kuthibitisha alichonacho. Geuza kinyago kilichopo sebuleni kwako. Chini yake hakuna kitu. Mchongaji George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, jina lake linajulikana hadi Ulaya. Wenzake mamia waliochonga maisha yao yote wametufikia kama “Mmakonde” tu, utadhani kabila zima lilishika patasi moja.

Simlaumu mpwa wangu. Anakipenda chake na anajua habari zake zote. Ninaowasema ni sisi tuliozungukwa na matoleo ya nakala moja moja, tusiojua hata nani aliyatoa. Kwa hiyo ukipita Mikindani, au ukiwa kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, au wageni wakimiminika Mtwara kwa ngoma za tamasha, nunua kwa bei ya haki. Kisha mwombe mchongaji achore jina lake chini ya kazi, na kijiji chake, na mwaka. Patasi anayo mkononi; haimchukui dakika tano.