Pointi Kumi na Nane

Kaka yangu ni fundi cherehani Mbagala. Kibanda chake kinajulikana kwa vitu viwili: sare za shule ambazo hazifumuki hadi mtoto azivuke mwenyewe kwa kurefuka, na jezi ya Simba iliyotundikwa juu ya kioo cha kujipimia. Nyumbani kwetu ni watu wa Msimbazi, watu wa Simba, tangu enzi za marehemu baba. Haya nayaeleza kwa idhini ya kaka. Kila mwezi wa saba ukiingia nawasikia vijana wa kijiweni wakianza kuongea kama alivyokuwa akiongea yeye mwaka 2023, na moyo unanienda mbio.

Kwetu msimu wa mpira hausubiri kipyenga. Unaanza pale klabu zinapotangaza usajili, leo mmoja, kesho mwingine, watu wakikesha na simu mkononi kumjua anayefuata. Zinafuata jezi mpya, halafu Wiki ya Mwananchi kwa wenzetu wa Jangwani, Yanga, na Simba Day kwetu. Sijui kipindi kitamu kuliko hicho. Hakuna aliyefungwa. Timu zote zina sifuri, na mwenye sifuri hana wa kumkanusha akisema yeye ndiye bingwa. Ukimsikiliza shabiki mwezi wa tano anakupa hesabu. Mwezi wa nane anakupa moyo wake wote, na moyo hauna hesabu.

Mwaka ule tulikuwa na sababu za kujaa matumaini. Yanga walikuwa wametoka kuchukua ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, lakini kocha wao Nasreddine Nabi aliondoka, na mfungaji wao Fiston Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Kwetu Luis Miquissone alirudi. Wakaja Fabrice Ngoma, Willy Onana, Che Malone. Kaka alikuwa akikata kitambaa huku akiyataja majina hayo kama anayesoma majina ya ndugu waliorudi kutoka safari ya mbali. "Mdogo wangu," aliniambia, "Yanga bila Mayele ni nyumba bila paa. Mwaka huu wananyeshewa."

Tarehe 6 Agosti tulikwenda Simba Day Uwanja wa Mkapa, yeye, mimi na wanawe wawili. Tiketi, jezi za watoto, nauli na chakula vilimlia fedha za jora zima la kitambaa cha kaki. Sikuona ubaya, na hata leo siuoni. Mtu anayefanya kazi mwaka mzima akiwapeleka wanawe waone watu elfu 60 wamevaa nyekundu, hajapoteza kitu. Ubaya ulianza wiki iliyofuata, na ulianza kwa ushindi.

Fainali ya Ngao ya Jamii, sisi na Yanga, ilichezwa Tanga, Mkwakwani, tarehe 13 Agosti. Kaka alipanda Coaster ya kukodi na wenzake usiku wa manane. Kabla ya kuondoka aliwekeana shilingi elfu 50 na jirani yake wa kibanda cha pili, muuza mitumba, mwana Yanga wa kuzaliwa. Mchezo ukaisha bila bao, zikaja penalti, na kipa wetu Ally Salim akapangua tatu. Simba ikachukua Ngao kwa penalti 3 kwa 1. Kaka alirudi Mbagala sauti imekauka. Jirani alimlipa pale pale, mbele ya watu, akicheka, noti tano za elfu kumi kumi.

Elfu 50 ile ndiyo iliyomponza. Angeipoteza siku ile, angerudi kwenye mashine yake amekunja uso, na hadithi ingekwisha. Lakini aliyeshinda mara ya kwanza huamini kuwa ameshinda kwa akili. Kaka hakusema Ally Salim aliruka vizuri, alisema, "Mimi nilijua." Tangu siku hiyo nilianza kumsikia akisema "nilijua" kila Simba iliposhinda, na Simba ilishinda sana. Mtibwa 4–2. Dodoma Jiji. Coastal Union. Prisons. Singida. Mwisho wa mwezi wa kumi tukamfunga Ihefu 2–1, tukawa tumecheza mechi sita na kushinda zote. Pointi 18. Kaka aliiandika namba hiyo kwa chaki ya kukatia nguo kwenye mlango wa kibanda, kubwa, kila apitaye aione.

Ligi yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Sita ni moja ya tano ya safari. Hakuna mtu anayepanda basi la Mwanza, akifika Chalinze akawapigia ndugu kwamba ameshafika. Lakini kaka alishafika. Alishaanza kuzungumzia gwaride la kombe litapita barabara gani.

Dalili zilikuwepo, na hapa ndipo ninapotaka kijana anisikilize. Power Dynamos wa Zambia tuliwatoa kwenye Ligi ya Mabingwa kwa shida, sare ugenini na sare nyumbani, tukapita kwa bao la ugenini. Mechi hiyo ya nyumbani ilikuwa Chamazi, jirani na Mbagala, na kaka aliiona kwa macho yake. Ushindi wetu mwingi wa ligi ulikuwa na dakika ambazo mashabiki tulishika vichwa. Na Yanga, ile nyumba isiyo na paa, ilikuwa imemfunga KMC 5–0, kisha JKT Tanzania 5–0. Tano mara mbili, kabla mwezi wa nane haujakwisha. Zote zilichezwa Chamazi vilevile, mwendo mfupi kutoka kibandani. Jirani alipozitaja, kaka alijibu, "KMC na JKT, hizo ni timu?" Lakini Dodoma Jiji na Coastal tulizozifunga sisi zilikuwa timu.

Shabiki anaweza kuona kila kitu na bado asione. Yanga ilipofungwa na Ihefu 2–1 tarehe 4 Oktoba, kaka alikuja hadi kwangu usiku kunipa hesabu: Ihefu kamfunga Yanga, sisi tukimfunga Ihefu, basi Yanga tumeshamfunga. Tulipotoka sare 2–2 na Al Ahly hapa Dar es Salaam, kisha 1–1 kule Cairo, hesabu ikaongezeka: kama Ahly ameshindwa kutufunga, Yanga ni nani? Siku moja kabla ya ile sare ya Cairo, Yanga walikuwa wamemfunga Azam 3–2, mabao yote matatu ya Aziz Ki. Hilo hakulitia kwenye hesabu. Nilipomkumbusha, alinikumbusha mabao sita tuliyowafunga Yanga mwaka 1977. Kaka alizaliwa baada ya mchezo ule.

Dabi ilipangwa Jumapili, tarehe 5 Novemba. Ijumaa jioni nilimkuta kaka na jirani wamekaa kwenye benchi, karatasi ya daftari katikati yao. Kaka alikuwa anaweka overloki yake. Jirani alikuwa anaweka belo zima la suruali za mitumba, bado halijafunguliwa. Sare haihesabiwi, mwenye timu iliyoshinda anachukua.

Asiyejua ushonaji naomba aelewe overloki ni nini. Ndiyo mashine inayofunga kingo za kitambaa zisichanue nyuzi. Shati bila overloki linaonekana shati siku ya kwanza, na baada ya kufuliwa mara tatu ni matambara. Ndiyo iliyofanya sare za kaka zisifumuke. Aliinunua kwa fedha ya vikoba, akailipa mwaka mzima.

Walihitaji shahidi. Kaka alinipa kalamu. Ningeweza kusema ninavyosema sasa. Ningeweza kumwita pembeni nikamwambia, kaka, mashine si mpira. Lakini pointi 18 zilikuwa zimeandikwa mlangoni nyuma yake, na mimi pia nilikuwa nimevaa nyekundu, na mimi pia nilitaka kuliona belo lile likihamia upande wetu. Nilitia saini. Jina langu liko kwenye karatasi ile, na sijawahi kuona saini yangu ikiwa na uzito kama ule, hata siku ya ndoa yangu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba usiku huo huo, kwenye simu, aliweka na fedha nyingine. Wazazi walikuwa wameanza kutoa malipo ya awali kwa sare za Januari. Ndivyo biashara ilivyo: mwezi wa kumi na wa kumi na moja fundi anapokea nusu, anakwenda Kariakoo kununua majora kabla bei haijapanda, anashona hadi Krismasi. Fedha ya wazazi kumi na mmoja ilikuwa kwenye simu yake. Aliiweka yote Simba ashinde. Baadaye aliniambia hakuona kama anacheza kamari. Aliona anaikopesha fedha ile siku mbili irudi na wenzake.

Mchezo sina haja ya kuusimulia, kila mtu anaujua. Yanga wakatangulia mapema, Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko 1–1, na pale kibanda umiza tulipokuwa tukitazama, watu wetu walikuwa wakicheza ngoma. Kipindi cha pili yakaja manne. Baada ya la tatu nilimtazama kaka. Hakuwa anatazama tena runinga. Alikuwa anatazama mikono yake. La tano lilipoingia watu wa Yanga walinyoosha viganja hewani, vidole vitano vitano, ukumbi mzima ukawa viganja, na yeye akasimama akatoka bila kuaga.

Jirani alikuja Jumanne, si Jumatatu. Nadhani alimwachia siku moja ya kupumua. Alikuja na mkokoteni na kijana wa kumsaidia, akasimama mlangoni akasema kwa upole, "Fundi, ningefungwa mimi, belo ungelichukua." Kaka akasema, "Ningelichukua." Akaibeba overloki mwenyewe hadi kwenye mkokoteni, akaifunika kwa kipande cha kitambaa isipate vumbi. Jirani si mtu mbaya. Aliiuza ndani ya mwezi, akalipa kodi ya nyumba aliyokuwa akidaiwa. Kila mtu ana shida zake ambazo mpira hauzioni.

Klabu, kwa upande wake, iliachana na kocha Robertinho wiki ile ile, maisha yakaendelea. Wachezaji walilipwa mshahara. Wiki mbili tatu za kutaniwa zikapita. Klabu hizi zimefungana mabao matano na sita tangu zamani, kila moja kwa zamu yake, na hakuna iliyokufa. Zina mgongo wa kubeba kipigo. Fundi wa Mbagala hana mgongo huo.

Novemba na Desemba kaka alishona kwa kukopa kitambaa kidogo kidogo, akipeleka vipande kwa fundi mwingine kufungiwa kingo, kila kipande kwa bei yake, hadi faida yote ikabaki kule. Alimaliza sare za watoto saba. Nne hakuziweza. Shule zilipofunguliwa Januari, mama mmoja alikuja na binti yake wa darasa la kwanza. Nilikuwepo. Mama yule alikuwa Simba kama sisi, Simba Day alikaa safu moja na sisi, alikunywa maji kwenye chupa yetu. Kaka alijaribu kumweleza. Mama hakupaza sauti. Alimshika mtoto bega, akauliza, "Fundi, sasa huyu aende na nini?"

Binti alikwenda na gauni la nyumbani, la maua. Kaka alimwona akipita kibandani asubuhi ile, na asubuhi ya pili, na ya tatu. Siku ya nne aliuza simu yake, akanunua kitambaa, akashona usiku kucha, kingo akazifunga kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa sindano.

Msimu ule Simba tulimaliza wa tatu, pointi 69, nyuma ya Yanga wenye 80 na Azam waliolingana nasi. Zile 18 zilikuwa kweli, hazikuwa za uongo hata moja. Zilikuwa 18 tu.

Siandiki haya ili mtu aiache timu yake. Mimi sijaiacha, kaka hajaiacha, na anayeniambia mpira ni upuuzi hajawahi kukaa Mkapa jioni yenye bao la dakika ya mwisho akakumbatiwa na mtu asiyemjua. Kushabikia ni kupenda kitu usichoweza kukiendesha. Ndiyo maana chombo cha kazi hakiwekwi juu yake, wala fedha ya mtu mwingine. Kijana akiniuliza aweke nini, namwambia aweke sauti. Sauti ikikauka inarudi.

Tarehe 8 Agosti 2024, sikukuu ya Nane Nane, Simba na Yanga zilikutana tena kwenye Ngao ya Jamii. Wachezaji wapya, jezi mpya, maneno yale yale kijiweni. Nilimfuata kaka twende kibanda umiza. Nilimkuta amewasha redio, mguu uko kwenye cherehani. Yanga wakashinda 1–0. Aliguna, akapunguza sauti ya redio, akaendelea kukanyaga. Mlangoni alama ya chaki ilikuwa imefutika, ikibaki nane peke yake kwa mbali. Kwenye kamba, chini ya jezi yetu, ilining'inia sketi ndogo ya bluu na shati jeupe, tayari vimepigwa pasi. Nikamuuliza ni vya nani. Akaniambia ni vya mdogo wake yule binti, anaanza shule Januari.