WAZO LA LEO: Msongo na mamlaka ya kujiamulia

Wengi huamini kuwa msongo wa mawazo ni maradhi ya wakubwa wenye madaraka. Utafiti wa Whitehall, ulioanza Uingereza mwaka 1967 kwa kuwafuatilia watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000, ulionyesha kinyume: matarishi na wenzao wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha wakurugenzi. Utasema ni sigara. Kweli walivuta zaidi, lakini sigara na shinikizo la damu havikutosha kueleza pengo lote. Utafiti wa pili, ulioanza 1985, uligusa jambo jingine: kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe.

Ndiyo maana likizo hupunguza uchovu bila kung'oa chanzo. Anza na dogo unaloweza kulimiliki: saa ya kuzima simu, au kazi ipi itangulie asubuhi. Wapo watakaosema mnyonge hana cha kuchagua. Hoja hiyo ina uzito, nayo inamgeukia bosi: kumwachia karani apange zamu zake nako ni kumlinda moyo.