Kula Katika Bustani ya Mungu

Uwanda wa Kitulo uliitwa Bustani ya Mungu hata kabla serikali haijautangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mimi ni mama lishe wa njiapanda ya Nyololo, Mlutheri, na jina hilo halikuwahi kunisumbua mpaka dereva mmoja wa lori la Zambia, mteja wangu wa chai na chapati, aliponikatia kipande cha kitu cha kahawia, kigumu kidogo kama soseji. Chikanda. Kina karanga, pilipili na magadi, na kinashibisha. Nilikuwa nimeshameza ndipo akanieleza kwamba kinapikwa kwa viazi vya maua ya okidi, na kwamba viazi vingi huchimbwa huku kwetu Nyanda za Juu na kuvushwa Tunduma kwa magunia.

Je, ni dhambi kula bustani ya Mungu? Nililiuliza swali hilo kwenye ibada ya jumuiya. Mchungaji akajibu kwamba si kila kilichoumbwa kiliumbwa kiliwe. Jibu halikunitosha. Adamu hakuwekwa Edeni apige picha; alipewa kazi ya kulima na kutunza, na alikuwa akila humo humo.

Kwaya yetu ilipopanga safari ya Kitulo, mwezi wa pili, maua yakiwa yamekolea, nikalipa nauli. Ukitoka kwetu unapita Makambako, unashuka hadi Chimala, kisha gari linapanda kona 57 kuelekea Matamba. Vijana walinuna kwa kuwa hakuna tembo wala simba. Kuna ukungu, upepo, na nyasi zilizojaa maua meupe, ya manjano na ya zambarau, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Mwongozaji alisema okidi peke yake ni aina zipatazo 45. Mimi nilichuchumaa kwenye ua moja mpaka wenzangu wakaniita.

Na hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu fulani wa udongoni wa kuilisha. Huwezi kuipanda kama mahindi. Anayechimba kiazi chake anaua mmea, na hana cha kurudishia. Basi ile kazi ya kulima haiwezekani hapa. Imebaki ya kutunza peke yake. Hata Hawa, pamoja na lawama zote tunazombebesha, alichuma tunda na mti ukabaki umesimama. Mchimba chikanda anaondoka na mti wenyewe.

Nilijiona nimelimaliza swali. Tukiwa Matamba nikanunua viazi mviringo kwa mama mmoja mtu mzima, nikamwambia hayo yote. Alicheka.

"Mwanangu, nyie mnakuja mnaangalia, mnaimba, mnashuka. Sisi baridi hii ni yetu mwaka mzima. Mtoto akidaiwa sare na viazi havijakomaa, utamlisha maua kwa macho?"

Sikuwa na la kumjibu, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiisoma Mwanzo upya kichwani. Nikagundua mpangilio ambao nimeusikia tangu Sunday school bila kuutilia maanani: ruhusa ya kula matunda ya miti yote ndiyo inayotangulia, katazo la mti mmoja linafuata. Mungu aliandaa meza kwanza, akakataza baadaye. Mchimbaji wa chikanda amelisikia katazo vizuri sana. Meza yake sikuiona; hata viazi mviringo nilivyobeba nilivipata kwa bei ya chini mno, jambo ambalo nalo lilinikera nilipolifikiria.

Nilipomweleza mchungaji hivyo, alisema hilo sasa ni suala la halmashauri. Nikamwambia liko Mwanzo, sura ya pili.