Nilikwama Ukurasa wa 90

Kuna kitabu nimekibeba kwenye matatu karibu mwaka mzima, jalada likiangalia nje. Ni Kritik der reinen Vernunft cha Immanuel Kant, tafsiri ya Kiingereza, cha mtumba, nilikinunua kando ya barabara ya Tom Mboya. Kwa Kiswahili tuseme Uhakiki wa Akili Safi. (Nilijaribu "akili tupu" ikawa tusi.) Niliacha chuo mwaka wa tatu, na nadhani nilikibeba kama kitambulisho: msinione hivi, bado nasoma.

Jioni moja tukiwa kwa rafiki Umoja, kijana wa mwaka wa kwanza alikiona. "Umekimaliza?" Nikasema ndiyo. Nikarusha sentensi tatu nilizozitoa kwenye video: eti ulimwengu tunaouona si ulimwengu wenyewe, akili yetu imevaa miwani. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kijana akakifungua, akasoma nusu ukurasa midomo ikicheza, akakirudisha mezani polepole. "Basi mimi sina kichwa cha hivi vitu."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwama ukurasa wa 90.

Uongo mdogo, utasema, nani aliumia? Yeye ndiye aliumia. Alipima akili yake kwa kipimo nilichokichonga mwenyewe pale pale, nikitafuna chapati.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za waliokisoma kabla yangu, maana kuhusu hao kuna raha. Kitabu kilitoka 1781, Kant akiwa na miaka 57, profesa wa Königsberg aliyeheshimika, na wenzake walikuwa wamekingoja miaka. Moses Mendelssohn, jina kubwa katika falsafa ya Ujerumani wakati huo, alikiweka kando. Mwaka 1783 akamwandikia Kant mwenyewe kwamba kitabu kinamaliza nguvu za neva zake, ila anatumaini atakifikiria hadi mwisho kabla hajafa. Hebu fikiria hiyo barua. Mtu mzima, msomi, anamwambia mwandishi: nimeshindwa. Na hakusema kitabu ni kibaya.

Mwingine alikuwa Christian Garve. Januari 1782, jarida moja la Göttingen lilichapa uhakiki usio na jina uliomweka Kant karibu sana na Berkeley, yule askofu aliyeshikilia kwamba vitu vipo kwa kutambuliwa tu. Kant alikasirika sana. Katika Prolegomena, kitabu kifupi alichotoa 1783 ili kueleza upya yaleyale, alimtaka mhakiki ajitokeze. Garve akajitokeza. Alieleza kwamba alikubali kazi kabla ya kukisoma kitabu, kikamtesa, akaandika marefu, na mhariri akakatakata na kuongeza yake. Angeweza kunyamaza, jina lake halikuwepo popote. Kant alimjibu kwa upole, na mwezi huohuo wa Agosti akamkiria Mendelssohn kwamba mawazo ya miaka kama 12 aliyaandika kwa miezi minne au mitano tu, akijali hoja kuliko msomaji. Kumbe hata yeye alijua! Toleo la pili la 1787 lina sehemu nzima alizoziandika upya.

Najua kuna wenye jibu fupi: ukishindwa na kitabu, sema ni upuuzi. Nimewahi kulitumia. Tena kwa Kant tuna sababu halali ya hasira, kwa sababu mwaka 1764 alichapisha maneno ya dharau kabisa kuhusu watu weusi, na yapo hadi leo. Lakini hiyo haijanisaidia kuelewa ukurasa wa 91. Kusema "ni upuuzi" kuhusu kitu ambacho sijakifikia ni uongo uleule wa Umoja, umegeuzwa tu shati.

Halafu kuna Heinrich von Kleist. Mwaka 1801 alikuwa na miaka 23, naye ameacha chuo (hapa nilisimama kidogo). Alimwandikia mchumba wake Wilhelmine kwamba kama watu wote wangekuwa na vioo vya kijani badala ya macho, wangeamini vitu ni vya kijani, wasijue kamwe kama kijani ni cha vitu au cha macho. Mfano ni wake, si wa Kant. Na aliposadiki hivyo, aliona lengo lake la maisha, yaani kuutafuta ukweli, limeanguka. Wengi husema alimwelewa Kant vibaya, na huenda ni kweli: Kant hakutaka kuua elimu, alitaka kuonyesha inasimama wapi na inaishia wapi. Ila Kleist alikubali kuumizwa na wazo. Mimi nilisema karibu maneno hayohayo kisha nikaomba chapati nyingine.

Kati ya hao watatu hakuna aliyekielewa kitabu vizuri. Hakuna pia aliyefanya mtu mwingine ajione mjinga.

Wiki jana nilimtumia yule kijana ujumbe: sikukimaliza, nilikwama ukurasa wa 90, ile miwani niliitoa kwenye video. Alikaa siku mbili kimya. Halafu akaandika: "Sawa buda. Kwani huo ukurasa wa 90 unasema nini?"

Nimekifungua tena. Bado sijamjibu.