Nyumba ya Kilimani na Mizani Yetu

Ndugu zetu wasomaji, miongoni mwa mambo yampasayo mwenye akili ni kuzuru athari za waliotangulia, wala asizizuru kwa macho matupu. Nasi tulipokuwa Bomeni, Taveta, tuliona haifai kurudi pwani bila ya kupanda kilima chenye jumba liitwalo Kasri la Grogan.

Jumba hili lilijengwa katika miaka ya 1930 na Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza aliyekuwa na mashamba makubwa ya makonge katika nchi ya Taveta. Mahali alipapata: ukitazama huku waona mlima Kilimanjaro, ukitazama huku waona Ziwa Jipe, na chini yako nchi yote imetandaa. Mwenye kusema ya kwamba si pazuri aidanganya nafsi yake.

Lakini kijana mmoja katika sisi alikataa kusifu. Alisema: "Vipi niisifu nyumba ya mtu aliyewachapa watu viboko hadharani mjini Nairobi?" Na khabari hiyo ni ya kweli, ilitokea mwaka 1907, mbele ya mahakama, na Grogan akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mwenzake akamjibu: "Jiwe halina dhambi. Na mtu huyo huyo ndiye aliyetoa ardhi ya hospitali ya watoto huko Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1947 kwa ukumbusho wa mkewe, Gertrude. Je, hilo nalo tulitupe?"

Basi suala ni hili: wema wa mtu hufuta dhuluma yake, au dhuluma hubatilisha wema wake?

Sisi twaona ya kwamba hapana kimoja kifutacho chenziwe. Deni hulipwa mwenye kudai. Aliyechapwa hakulipwa haki yake kwa dawa aliyopewa mtoto asiyemjua. Wala mtoto aliyepona hakupona kwa uwongo. Hisabu ya mwisho si yetu. Lililo letu ni kuieleza khabari yote, tusifiche nusu kwa mapenzi wala nusu kwa chuki.

Lakini tutahadhari: mizani hii si ya kumpimia mgeni peke yake. Sisi watu wa pwani tukenda Unguja husimama Maruhubi, tukazitazama nguzo za jumba la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, tukaona fakhari. Ni nani katika sisi aulizaye mali ile ilitoka wapi? Hatujui ya kwamba mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa? Na Seyyid huyo huyo ndiye aliyetia sahihi mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, ingawa kwa kushurutizwa na Waingereza. Na ndiye aliyeuletea mji maji safi ya chemchemi, watu wakateka bure. Yote mawili ni yake. Tukiuliza Taveta jasho ni la nani, kisha Maruhubi tukanyamaza, basi hatukutafuta haki. Tumetafuta kuwapendelea walio wetu.

Na iko mizani ya karibu zaidi, nayo ni mlangoni petu. Wako miongoni mwetu wajengao ghorofa kwa fakhari, na fundi aliyezipanda ngazi kwa jua lote yuaja siku ya tatu kudai ujira wake, akaambiwa "njoo kesho". Huyo naye ana kasri lake, ijapokuwa ni dogo.

Grogan alikufa mwaka 1967, mbali na kilima chake. Maruhubi zimebaki nguzo. Lakini maji yalinyweka, na watoto walitibiwa. Basi ewe ndugu yetu, kabla hujatia jiwe la kwanza, jiulize mambo mawili: ujira wa nani umo ndani ya ukuta huu, na ni nani asiyekuwa wewe atakayepata kivuli chake?